Ajali Ina Kinga: Kutoka Kemondo 1996 hadi Bukoba 2022

Kuna sentensi moja ambayo katika nchi hii hufika msibani kabla ya jeneza. Husemwa na kiongozi aliyeshika kipaza sauti, umati huinamisha vichwa kuiitikia, na jioni mtangazaji wa redio huirudia kwa sauti ya upole: "Ajali haina kinga." Nimeisikia tangu nikiwa kijana mkoani Kagera, na kila ninapoisikia naona watu wawili wakipumua kwa nafuu. Wa kwanza ni mfiwa, ambaye anahitaji kuamini kwamba asingeweza kufanya lolote. Wa pili ni mwenye dhamana, ambaye anahitaji sisi tuamini kwamba na yeye asingeweza. Mfiwa namsamehe. Leo nataka kujibizana na huyu wa pili.

Jumapili, Novemba 6, 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, safari namba 494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake walikuwamo watu 43: abiria 39 na wafanyakazi wanne. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Ndege haikupotelea katikati ya ziwa ambako macho hayafiki. Ilianguka karibu na kiwanja, mahali ambapo watu waliosimama ufukweni waliuona mkia wake ukiwa juu ya maji. Wavuvi waliifikia kwa mitumbwi na makasia. Nchi nzima iliona picha za wananchi waliojipanga ufukweni na majini, wakivuta kwa kamba ndege iliyojaa maji.

Ndugu msomaji, tulia kidogo juu ya picha hiyo ya kamba. Huo ulikuwa mwaka wa 61 wa Uhuru. Hapo ni mjini, makao makuu ya mkoa, kando ya kiwanja cha ndege, mchana kweupe. Chombo cha uokoaji tulichokuwa nacho kilikuwa kamba na mabega ya watu.

Sikusudii kuhukumu chanzo cha kuanguka kwa ndege ile. Upepo, mvua, uamuzi wa rubani, mitambo ya kiwanja: hayo ni ya wachunguzi, na marubani waliokufa hawawezi kujitetea mbele ya mhadhiri mwenye kompyuta. Hoja yangu ni nyingine. Kila ajali kubwa ya chombo cha abiria ina ajali mbili ndani yake. Ya kwanza hutokea pale chombo kinapogonga, kupinduka au kuzama. Ya pili huanza sekunde hiyohiyo na huendelea mpaka mtu wa mwisho aliye hai atolewe, au afe akisubiri. Ajali ya kwanza pengine ina mkono wa dhoruba. Ya pili ina mkono wa bajeti, mafunzo, mafuta kwenye tangi na hewa kwenye mtungi. Tunaposema "ajali haina kinga," tunaichukua ile ya pili na kuizika ndani ya kaburi la ile ya kwanza, ili isihojiwe kamwe.

Sisi wa Kagera tunaijua hiyo ajali ya pili kwa miaka mingi, na mimi nilianza kuijua Kemondo.

Kemondo ni bandari ndogo kusini mwa mji wa Bukoba, njiani kuelekea Muleba. Kwa vizazi vingi ndiyo mlango wetu wa kwenda Mwanza: ndizi, kahawa, wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi, wote walipitia pale. MV Bukoba ilikuwa na kawaida ya kutoka Bukoba jioni na kutia nanga Kemondo kuongeza abiria na mizigo kabla ya kukata ziwa usiku. Ndivyo ilivyofanya katika safari yake ya mwisho. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, ilipinduka. Meli iliyojengwa kubeba abiria 430 ilichukua roho za watu zaidi ya 800.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mama mmoja jirani yetu, mfanyabiashara wa ndizi, alipandia Kemondo usiku ule na mikungu yake. Alisafiri daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Yaani mtu aliyelipa kidogo hakuandikwa popote. Mumewe alikwenda Mwanza, akazunguka katikati ya miili iliyopangwa, akarudi mikono mitupu. Kwa miezi mingi alikuwa akijieleza katika ofisi moja baada ya nyingine kwamba alikuwa na mke, kwamba mke huyo alipanda meli, na kwamba hajarudi. Kila alikokwenda aliulizwa swali moja: "Una uthibitisho gani kuwa alikuwamo?" Nilijifunza pale, kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa sayansi ya siasa, kwamba dola linaweza kumpoteza raia mara mbili: kwanza majini, kisha kwenye karatasi.

Lakini turudi kwenye ajali ya pili ya MV Bukoba, kwa sababu ndiyo tunayoisahau kwa makusudi. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi, tumbo juu, na ndani ya tumbo hilo kulikuwa na watu hai waliokuwa wakipumua hewa iliyonaswa. Waliokuwa juu yake waliwasikia wakigonga bati. Hatimaye likatobolewa tundu kwenye bati ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiielekeza meli kuelea ikatoka kupitia tundu lile, na meli ikaenda chini na wale waliokuwa wakigonga. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye huruma, waliokosa utaalamu na vifaa. Baadaye ilibidi waje wazamiaji wa Jeshi la Majini la Afrika Kusini kusaidia kutoa miili. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza, katika makaburi ya pamoja. Iliundwa tume. Yalifanyika maombolezo ya kitaifa. Ikasemwa: haitatokea tena.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Giza lilipoingia siku ile ya kwanza, uokoaji ulisimamishwa mpaka asubuhi. Siku mbili baada ya kivuko kupinduka, wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai, kwa kuwa alikuwa amejihifadhi mahali ndani ya chombo palipobaki na hewa. Taifa lilishangilia muujiza. Nami nilishukuru kwamba mtu yule amepona, lakini swali halikuniacha: ikiwa mtu mmoja aliweza kuishi siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka, je, usiku ule wa kwanza, taa zilipokosekana na kazi ikasimama, ni wangapi walikuwa bado wakigonga?

Sasa soma tena Bukoba 2022 ukiwa na kumbukumbu hizo mbili. Kwa mara ya tatu, katika ziwa lilelile, watu hai walikuwa wamenaswa ndani ya chombo kinachoonekana kwa macho, na waokoaji wakakosa cha kuwatolea. Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyojulikana kupitia vyombo vya habari mwezi huohuo, ilieleza kwamba wavuvi ndio waliotangulia kuokoa, kwamba boti ya polisi wa majini ilichelewa kufika, na kwamba hata ilipofika kulikuwa na upungufu wa oksijeni kwa wazamiaji na wa mafuta kwa boti. Isome sentensi hiyo polepole. Hakuna dhoruba inayonyonya mafuta kwenye tangi la boti iliyoegeshwa. Hakuna radi inayomaliza hewa kwenye mtungi uliowekwa stoo. Hayo ni mambo ya mtu aliyetakiwa kukagua na hakukagua, au aliyekagua, akaandika barua ya kuomba fedha, na barua ikalala mezani kwa mkubwa wake.

Tukafanyaje baada ya hapo? Tukatafuta shujaa. Kijana mvuvi aliyewahi kufika kwenye ndege alipewa shilingi milioni moja na, kwa agizo la Rais, ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na alistahili zaidi ya hapo. Kisha ukazuka ubishi mkubwa mitandaoni na magazetini: nani hasa aliufungua mlango wa nyuma, mvuvi au mhudumu wa ndege? Tulibishana wiki nzima juu ya mkono ulioshika kitasa. Wakati huo swali la kwa nini mkono wa Serikali haukuwapo lilipita nyuma yetu kimyakimya. Ushujaa wa raia ni jambo tukufu, lakini kwa mwenye kutaka kuhesabu wajibu, kila shujaa aliyelazimika kujitokeza ni alama ya nafasi iliyokuwa wazi. Mvuvi anaokoa kwa kasia pale ambapo mlipakodi alikwisha kulipia injini.

Na msidhani kwamba wajibu huu ni ndoto ya wasomi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba huo, kinachohusu viwanja vya ndege, kinasema wazi kwamba kiwanja kilicho karibu na maji, ambako sehemu kubwa ya kutua au kuruka hufanyika juu ya maji hayo, kiwe na huduma maalumu za uokoaji na vifaa vinavyolingana na hatari iliyopo. Kiambatisho hichohicho kinataka mpango wa dharura wa kiwanja ujaribiwe kwa zoezi kamili katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Njia ya kurukia ya Bukoba inaishia ziwani. Mtoto wa shule ya msingi wa Bukoba anaweza kukuambia kwamba ndege ikishindwa kutua pale, itaingia majini. Gari la zimamoto haliogelei. Iwapo mtoto analijua hilo, mpangaji wa dharura alikuwa akipanga kwa ajili ya kiwanja gani?

Najua majibu yanayotolewa, na nitayapitia kwa heshima.

La kwanza ni umaskini: nchi ni changa, mahitaji ni mengi. Lakini ziwa hilohilo limepata fedha za vyombo vikubwa. MV Victoria Hapa Kazi Tu ilikarabatiwa ikarejea majini mwaka 2020, ikihudumia Mwanza, Kemondo na Bukoba. Februari 2023 ikashushwa majini MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 100. Nafurahia meli hizo. Watu wangu watazipanda. Ila taifa linaloweza kununua chombo cha watu 1,200 haliwezi kudai kwamba limeshindwa kununua mitungi ya wazamiaji na pipa la petroli. Tatizo ni kwamba meli huzinduliwa kwa kukata utepe, na mtungi uliojaa hewa hauna utepe wa kukatwa. Kinga haipigwi picha. Kazi yake inapofanyika vizuri, hakuna kinachotokea, na mwanasiasa hajui kuhutubia juu ya kisichotokea.

La pili ni kwamba mambo yanaendelea kurekebishwa. Kweli, tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na upo mradi wa kikanda wa mawasiliano na usalama wa Ziwa Viktoria wenye kituo cha uratibu wa uokoaji Mwanza. Hizo ni hatua, na aliyezifanyia kazi apewe haki yake. Lakini ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kituo cha kuratibu kilichoko Mwanza hakimwokoi mtu aliyebakiwa na hewa ya dakika kumi Bukoba, Kemondo au Nansio, kama hapohapo hakuna boti ya kuratibiwa. Simu ya dharura husaidia pale tu upande wa pili anapokuwapo mtu mwenye uwezo wa kuja.

La tatu ndilo zito, kwa sababu linavaa kanzu ya ibada: hayo ni mapenzi ya Mungu. Hapa nitajibu kama mtoto wa Buhaya. Wazee wetu walimjua Mugasha, bwana wa ziwa na wa dhoruba. Msafiri hakuingia mtumbwini kwa dharau. Alitoa heshima yake kwanza, akalisoma anga, akauliza. Unaweza kuicheka imani hiyo, lakini tazama mpangilio wake: wazee walitoa sadaka kabla ya safari, sisi tunatoa rambirambi baada yake. Mimi ni mtu wa dini na sioni kokote nilikofundishwa kwamba Mungu alimwamuru mtunza stoo aache mtungi mtupu. Kumsingizia Mungu uzembe wetu ni kufuru, hata inaposemwa kwa sauti ya huzuni mbele ya maaskofu na mashekhe.

La nne huambiwa sisi tunaouliza: msiba si wakati wa siasa. Basi tuambiwe wakati wake ni upi. Msibani tunaambiwa tusubiri uchunguzi. Wakati wa uchunguzi tunaambiwa tusiuingilie. Uchunguzi ukiisha, hamu ya taifa imekwisha pia. Wewe mwanafunzi unayesoma haya, nenda maktaba ya chuo chako uulize ripoti ya tume ya MV Bukoba. Uliza ya MV Nyerere. Uliza ripoti ya mwisho ya ndege ya Bukoba, ambayo taratibu za kimataifa za uchunguzi wa ajali za anga hutaka itolewe kwa umma, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Kisha uandike ulichopewa. Huo utakuwa utafiti wenye manufaa kuliko tasnifu nyingi ninazosahihisha.

Nisiishie kulaumu. Ninayoyadai ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, kila bandari inayopakia abiria na kila kiwanja cha ndege kilicho kando ya maji kiwe na boti ya uokoaji, mafuta yake, mitungi iliyojaa, taa za usiku na vifaa vya kukatia bati, pamoja na daftari la ukaguzi la kila wiki lenye jina na saini ya mtu. Daftari hilo libandikwe mahali abiria anaweza kulisoma.

Pili, wavuvi waingizwe rasmi katika mpango. Wao ndio waokoaji wa kwanza wa ziwa hili, tupende tusipende. Vikundi vya usimamizi wa mialo vipo tayari, na viongozi wake wanajulikana. Wafundishwe, wapewe maboya na redio za mawasiliano, wawe na bima na posho, na walipwe mafuta waliyochoma wakiokoa. Kumgeuza mvuvi mmoja kuwa askari ni zawadi kwa mtu mmoja. Kuwafundisha wavuvi mia ni sera.

Tatu, zoezi la uokoaji lifanyike majini, mchana na usiku, Bukoba na Kemondo, mbele ya wananchi, na matokeo yake yatangazwe hata kama ni ya aibu. Aibu ya zoezi haizikwi Igoma.

Nne, ripoti za ajali zote kubwa za ziwa hili zichapishwe kwa Kiswahili, na kila mwaka Bunge lielezwe pendekezo gani limetekelezwa na lipi limelala, kwa sababu gani, na mezani kwa nani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutuonyesha fedha zilizopotea. Tunahitaji pia hesabu ya mapendekezo yaliyopotea.

Tano, asiwepo abiria asiyeandikwa. Mwenye tiketi ya bei ya chini ana jina kama alivyo nalo mwenye chumba. Mume wa yule mama wa ndizi amekwisha kufariki, na alikufa bila kupewa karatasi hata moja inayosema mkewe alikuwamo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta; nasi tumejenga kuta tatu za makaburi kandokando ya ziwa moja, na ufa ungali palepale. Leo jioni kuna mtu anashuka kwenye basi dogo Kemondo akiwa na begi na mkungu wa ndizi. Kesho asubuhi kuna ndege itakayoinama juu ya maji ikiitafuta njia ya Bukoba. Wengi wao watafika salama, na hilo ndilo linalotulaza usingizi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya ofisini, mwenye dhamana yoyote juu ya ziwa lile. Usinijibu kwenye mitandao, na wala usiniandikie tamko. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda mpaka ilipoegeshwa boti ya ofisi yako. Fungua kifuniko cha tangi, uchungulie. Kama ni kavu, ajali ya pili imekwisha kuanza, na wewe ndiye mtu wa kwanza kufika eneo la tukio.